“Leo Mboga ni Majani Tu”

“Leo mboga ni nini?” Ndilo swali linaloulizwa karibu kila nyumba jua linapokaribia kuzama, kuanzia Tabora mjini hadi Urambo, Sikonge na Nzega. Kukiwa na nyama, mama hujibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Kukiwa na kunde au matembele, hujibu kwa unyonge: “Leo ni majani tu.”

Makala hii inahusu hilo neno dogo “tu”. Tukiwa wauguzi kwa kazi, na watumishi wa kujitolea katika vikundi vya akina mama kanisani, tumelisikia neno hilo kliniki, jikoni na kwenye semina zetu za lishe. Tumeona pia madhara yake. Mama anayeamini kwamba chakula bila nyama si chakula, hupika siku za bila nyama kana kwamba anatoa adhabu: majani yanachemshwa, chumvi inatupiwa, basi. Halafu nyumba nzima inalalamika kwamba mboga za majani hazishibishi.

Hatuandiki ili kumkataza mtu nyama. Nyama ni chakula kizuri, na wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambazo harusi bila ng’ombe au mbuzi haikuhesabiwa. Tunachosema ni kwamba sufuria isiyo na nyama, ikipikwa kwa uangalifu uleule tunaoupa nyama, itamshibisha mla nyama na kumfurahisha. Tena itamfikia kila mtu nyumbani kwa haki.

Nusu kilo ya nyama na watu wanane

Hebu tuangalie jambo tunaloliona mara nyingi kliniki ya watoto. Mama analeta mtoto wa miaka miwili. Kwenye kadi, mstari wa uzito haupandi. Tukiuliza anakula nini, mama anajibu, “Hatuna uwezo wa kununua nyama.” Tukiuliza kama nyumbani kuna karanga au kunde, anasema, “Zipo, lakini tunasubiri bei ipande tuziuze.”

Karanga zinauzwa, na sehemu ya fedha inanunua nusu kilo ya nyama kwa watu wanane. Baba anawekewa vipande vinne, kijana mkubwa viwili, wageni wakiwepo wanapewa vilivyobaki. Yule mtoto wa miaka miwili anachovya tonge kwenye mchuzi. Sasa, mchuzi wa nyama una ladha, chumvi na mafuta kidogo, lakini sehemu kubwa ya protini, yaani kile kinachojenga mwili, imebaki kwenye vipande. Aliyehitaji kujengwa zaidi ndiye aliyepata kidogo kuliko wote, na chakula ambacho kingemjenga kimekwenda sokoni ndani ya gunia.

Gramu 100 za nyama mbichi ya ng’ombe zina kiasi cha gramu 20 za protini. Gramu 100 za karanga zina kiasi cha gramu 25. Maharage makavu yana zaidi ya gramu 20, ingawa yakipikwa hunywa maji mengi, kwa hiyo yanatakiwa kuliwa kikombe kizima, si kijiko kimoja cha kupambia ugali. Aidha, mahindi na jamii ya kunde hukamilishana. Kile kinachopungua katika protini ya mahindi kinapatikana kwenye maharage, kunde na njugu mawe. Bibi zetu hawakusoma hayo kwenye kitabu, lakini makande walipika.

Njia ya misafara ilipita kwa nguvu ya nafaka

Sisi wa Tabora tuna sababu ya pekee ya kutodharau chakula cha mimea. Katika karne ya 19 mji wetu, uliojulikana kwa wasafiri kwa jina la Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo na pwani nyingine, ikapita Ugogo na kuendelea hadi Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Waingereza Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Novemba 1857, walikuwa wametumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani.

Wapagazi wengi wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kiasi cha kilo 30 begani, mbali na mkeka wake na chungu chake. Alikula nini? Posho ya kawaida ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, yaani kiasi cha robo tatu ya kilo ya mtama au mahindi, pamoja na kile kilichopatikana vijijini. Nyama ilipatikana kwa bahati, mnyama akiwindwa au msafara ukichinja.

Hatuisifu safari ile. Ilikuwa kazi ya mateso, watu wengi walikufa kwa njaa na maradhi, na njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa. Lakini tukumbuke nani aliyelisha misafara. Chakula kilitoka katika mashamba ya vijiji vya njiani, na ghala nyingi zilijazwa kwa jembe la mwanamke. Chakula cha kukausha ndicho kilichofaa kuwekwa na kubebwa, na mpaka leo sisi ni mabingwa wa kukausha: michembe na matobolwa ya viazi vitamu, nsansa ya majani ya kunde, uyoga mkavu, njugu mawe.

Njia hiyo pia ilituachia mengine ya jikoni. Viungo vya pilau vilipanda na watu wa pwani. Chumvi ya Uvinza ilinunuliwa na wasafiri wa kwenda na kurudi. Miembe ya zamani iliyojaa mjini kwetu inatukumbusha wageni wale. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na ilipofika Kigoma mwaka 1914, mawese ya huko yalipata njia rahisi ya kutufikia.

Kuhusu karanga, mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta huko Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo, ili kupata mafuta ya kula kwa watu wake. Mradi ulitupwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Wakati huo wote mama wa Kinyamwezi aliendelea kupanda karanga zake kwa jembe la mkono, akavuna na kutwanga. Kinu chake ndicho msingi wa mapishi yafuatayo.

Kwa nini mla nyama huona hajashiba

Akina baba wakisema mboga za majani hazishibishi, tusiwacheke. Mara nyingi wanasema kweli juu ya kile walichopakuliwa. Nyama hutoa mambo matano kwa pamoja, na sufuria yetu ikikosa hayo, mlaji atasimama mezani akiwa bado anatafuta kitu.

La kwanza ni protini, nayo tutaitoa kwenye jamii ya kunde. La pili ni mafuta, nayo karanga wanayo kwa wingi. La tatu ni harufu ya kukaangwa. Kitunguu kilichotupwa ndani ya maji hakina harufu hiyo, kinatakiwa kukaangwa polepole mpaka kiwe rangi ya kahawia. La nne ni kitu cha kutafuna: uyoga, njugu mawe au dengu zisizoiva kupita kiasi. La tano ni ukali wa kuamsha ulimi, yaani limau, ndimu, pilipili au embe bichi. Mama akihakikisha hayo matano, hatahitaji kuomba radhi kwa mtu.

Njugu mawe za rosti (watu 6)

Mahitaji: njugu mawe kavu vikombe 3, vitunguu 3, nyanya mbivu 5, karoti 2, hoho 1, punje 5 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, bizari ya manjano kijiko 1 cha chai, mawese au mafuta ya alizeti vijiko 4 vya chakula, limau 1, chumvi.

Namna ya kupika: Chagua njugu, osha, loweka usiku kucha, kisha mwaga maji hayo. Chemsha kwa maji mapya mpaka ziive, yaani saa mbili au zaidi kwa moto wa mkaa. Ukiloweka vizuri utaokoa mkaa mwingi. Kwenye sufuria nyingine kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia, tia saumu na tangawizi iliyotwangwa, bizari, kisha nyanya. Acha nyanya zikauke mpaka mafuta yajitenge. Hapa ndipo wengi huharakisha na kuharibu. Tia karoti, hoho na njugu pamoja na vikombe 2 vya maji yake. Chota kikombe kimoja cha njugu zilizoiva, ponda kwa mwiko na urudishe, nao mchuzi utakuwa mzito bila unga. Tia chumvi mwishoni, ipua, kamulia limau. Kula kwa ugali wa mtama au wa mahindi.

Nsansa ya karanga (watu 6)

Mahitaji: konzi 4 za nsansa; karanga mbichi zilizosagwa kikombe 1 na nusu; kitunguu 1; nyanya 3; chumvi.

Namna ya kupika: Loweka nsansa katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Osha mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe, kwani chembe moja ya mchanga humfukuza mlaji kuliko kukosa nyama. Chemsha na kitunguu na nyanya mpaka majani yalainike. Koroga karanga kwa maji baridi mpaka ziwe kama uji mwepesi, mimina, punguza moto, na uendelee kukoroga kwa dakika 15 hadi 20. Usiondoke, maana karanga huungua upesi na kufurika. Ukiona mafuta yameanza kutokeza juu, mboga imeiva. Huna haja ya kuongeza mafuta mengine. Kama huna nsansa, tumia majani mabichi ya kunde, msusa au kisamvu kilichotwangwa. Kisamvu kichemshwe muda mrefu bila kufunika ili sumu yake ya asili itoke, na kisiliwe kibichi kamwe.

Uyoga wa kukaanga (watu 6)

Mvua zikianza, misitu yetu ya miyombo hutoa uyoga ambao watu wa mikoa mingine hutuonea wivu.

Mahitaji: bakuli kubwa la uyoga, vitunguu 2, punje 4 za saumu, pilipili manga, karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu, kikombe 1, mafuta vijiko 3, limau, chumvi.

Namna ya kupika: Safisha uyoga upesi bila kuuloweka, pasua kwa mkono vipande vikubwa. Weka kwenye sufuria ya moto bila mafuta wala maji. Uyoga utatoa maji yake wenyewe. Acha yakauke kabisa. Ndipo utie mafuta, vitunguu na saumu, ukaange mpaka kingo za uyoga ziwe kahawia. Tia pilipili manga, karanga na chumvi, geuza dakika mbili, kamulia limau. Uyoga mkavu unafaa pia, ukilowekwa saa moja kwanza.

Tulipopika uyoga huu kwenye semina moja ya familia, tuliwapakulia akina baba bila kutoa maelezo. Mzee mmoja alikula kimya, akaongezwa, kisha akauliza mfupa umekwenda wapi. Akina mama walicheka mpaka sahani ikamdondoka mmoja wao. Mzee naye akacheka, akaomba mkewe aandike mapishi.

Pilau ya dengu (watu 8)

Hii ni ya wageni. Watu wengi huona aibu kumpokea mgeni bila nyama, lakini meza yenye pilau haina aibu, hasa ukitumia mchele mzuri wa Igunga au Nzega.

Mahitaji: mchele vikombe 4, dengu kavu vikombe 2, viazi mviringo 4, vitunguu vikubwa 4, saumu na tangawizi zilizotwangwa vijiko 2, bizari nyembamba kijiko 1 cha chakula, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga kiasi, mafuta nusu kikombe, chumvi.

Namna ya kupika: Loweka dengu usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya mpaka ziive bila kupasuka. Hifadhi maji ya kuchemshia. Kaanga vitunguu kwa mafuta mpaka viwe kahawia iliyokolea, maana rangi ya pilau inatoka hapo. Tia saumu na tangawizi, viungo, kisha viazi na dengu. Geuza dakika tano ili dengu zishike viungo. Mimina vikombe 7 vya maji ya dengu (yakipungua, ongeza maji ya moto), tia chumvi, yakichemka tia mchele uliooshwa. Maji yakikauka, funika na palia makaa juu. Andaa kwa kachumbari ya vitunguu, nyanya, pilipili na embe bichi.

Tahadhari za muuguzi

Karanga, mahindi na njugu zikiwekwa na unyevu huota ukungu wenye sumu iitwayo sumukuvu, ambayo hudhuru ini na haiondolewi kwa kupika. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Anika vizuri, hifadhi pakavu, na tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kuwa chungu. Usimpe kuku, wala usizifiche ndani ya unga wa lishe wa mtoto.

Uyoga usioujua usiuchume. Nenda na mama mzoefu, na ukiwa na shaka, acha.

Mtoto mdogo asipewe karanga nzima kwa sababu zinaweza kumkaba. Mpe zilizosagwa ndani ya uji au mboga.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani huingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama. Limau, embe, chungwa au pera katika mlo huohuo husaidia yaingie. Chai huzuia, kwa hiyo isinywewe pamoja na chakula, subirini kiasi cha saa moja. Mama mjamzito aendelee na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, hata kama anakula nsansa kila siku.

Mwisho, vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Familia inayokula nyama, samaki au dagaa mara chache haina tatizo. Lakini anayeacha nyama kabisa asiache maziwa na mayai, au aombe ushauri kituo cha afya.

Namna ya kuanza nyumbani

Wengine watauliza, “Baba watoto atakubali?” Kwa yale tuliyoyaona, atakubali mapema zaidi akiwa hajahubiriwa. Usitangaze kwamba kuanzia leo nyumba hii haili nyama. Chagua siku moja au mbili katika wiki, pika kwa mafuta na viungo vya kutosha, pakua kwenye bakuli lile zuri la wageni, na umwekee wa kutosha kuongeza. Kwaresima pia ni nafasi nzuri, kwa kuwa wengi huwa tayari kupunguza nyama. Lakini tusiifanye kuwa majuma ya chakula kibaya, halafu Pasaka tukasherehekea kuokoka na mboga za majani.

Fedha ya nyama iliyobaki iwe na kazi inayoonekana. Inunue mayai ya mtoto, maziwa, au daftari. Baba akiona yai kwenye sahani ya mtoto, ataelewa hesabu bila kuelezwa. Vilevile, kabla ya kupeleka karanga na kunde sokoni, tenga kwanza za nyumbani mpaka msimu ujao. Kibaba kimoja kila siku ya mavuno kikiwekwa pembeni hakionekani, lakini wahenga walishasema haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vinne ni pishi.

Wiki hii, mama mwenzetu, chagua pishi moja kati ya haya manne. Loweka usiku, kaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia, usiharakishe nyanya. Kisha pakua kwa usawa kuanzia kwa baba mpaka kwa yule mdogo kuliko wote, kwa sababu safari hii sufuria ina vya kutosha kwa kila mmoja.